Mahindi Yaliyofika Ukutani

Rahab Kabura aliporudi kwao kutoka Bungoma, alikuta kaka yake Munene amepanda mahindi mpaka ukutani. Nasema ukutani, si karibu na ukuta. Mstari wa mwisho uligusa mabati ya jiko, na upande wa mbele kulibaki kijia cha kupita mtu mmoja. Munene si mtu mbaya. Ana duka la mbegu na dawa za shamba mjini Kitale, na hilo shamba la marehemu baba yao, Mzee Ngige, amelilima miaka yote bila kelele. Ila katika kupanga kwake hakuwahi kuwaza kwamba dada yake angerudi kuishi katika ile nyumba. Binti akishaolewa ameolewa, na mahali pake panapandwa mahindi.

Rahab hakulalamika. Alifagia utando wa buibui, akaweka cherehani yake dirishani, akaanza kazi. Ilikuwa Mei, na mahindi yalikuwa yanamfika magotini.

Huyu Rahab ni fundi wa kushona sare za shule. Ni mrefu, mkavu wa maneno, mwenye tabia ya kuangalia mshono wa shati lako kabla hajakuangalia usoni. Katika usichana wake, yeye Mkikuyu, alimpenda Hesbon Wekoye, Mbukusu wa Myanga aliyekuwa akiuza spea za baiskeli mjini Bungoma, karibu na reli. Kwao Rahab walinung'unika, kwao Hesbon wakanung'unika zaidi, na harusi ikafanyika hivyo hivyo. Akajifunza Kibukusu. Akamzaa Joan. Na mtu aliyempinga kuliko wote, mama mkwe wake Sellah, ndiye aliyekuja kumpenda kuliko wote.

Mama Sellah alikuwa mtu wa ugoro. Rahab alimwita Lahabu, kwa ulimi wa Kibukusu. Kila jioni alikuwa na mazoea ya kuketi nyuma ya jiko la Rahab ameegemea ukuta, asiseme neno, akohoe mara moja tu kuonyesha kwamba yupo. Akiletewa chai alikunywa, akasuuza kikombe mwenyewe na kukiinamisha juu ya jiwe. Alipokuwa mgonjwa wa kufa alimshika Rahab mkono akamwambia, "Wewe ni wangu. Hata ukienda wapi nitakufuata." Siku hiyo Rahab alilia kwa kupendwa. Kuna maneno ambayo ni matamu mpaka aliyeyasema afe.

Baada ya mazishi ndipo Hesbon alipoanza safari za Lwakhakha. Alisema anafuata bidhaa za mpakani, na baada ya muda bidhaa ikawa na mimba. Hakumpiga Rahab wala hakumtukana. Aliacha tu kumwona. Alipita sebuleni akimzunguka kama anavyozunguka meza, akamwekea nguo chafu miguuni, akaongea na simu. Rahab alivumilia hadi akajishangaa mwenyewe, kisha akaenda mahakamani, na karatasi ya talaka ikatoka. Joan alikuwa ameshaanza chuo huko Eldoret, kwa hiyo mama alirudi Kitale peke yake.

Jumapili ya kwanza kanisani, akina mama wa ushirika walitaka kumkaribisha kwa maombi. Rahab akasimama kabla hawajaanza. "Mimi sijafiwa," alisema. "Sitaki pole ya mtu. Mwenye kunihurumia, mlango wangu asiufikie." Akaketi, akaunyosha mshono wa sketi yake. Watu wakaangalia sakafu. Rosaline, mwenyekiti wa ushirika, akatangaza wimbo haraka haraka, na kikongwe mmoja wa kiti cha mbele, Chepkosgei, ambaye mtaa mzima unamwita Gogo, yaani nyanya, akageuka akamtazama Rahab kwa muda mrefu. Kisha akafunga upya kitambaa chake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga hodi. Rahab alikuwa ameomba, na amepewa. Mwezi wa kwanza alijisifu moyoni. Mwezi wa pili alianza kuzungumza na cherehani.

Kufikia Julai mahindi yalikuwa yamempita kimo. Asubuhi ukungu wa Kitale ulishuka na kulala juu yake, na ukisimama mlangoni huoni nyumba ya jirani, huoni barabara, huoni hata choo chako mwenyewe. Unasikia tu majani yakisuguana. Nyumba ilikuwa imezama humo, na mwenye nyumba pia.

Jioni moja, jua likiwa bado halijatua, Rahab alikuwa akisonga ugali. Akasikia mtu anakohoa nyuma ya jiko. Mara moja tu.

"Nani?" aliuliza.

Bati la ukuta likabonyea kuja ndani, taratibu, kwenye kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi chini. Likalia kidogo, likatulia vile vile, limebonyea. Harufu ya ugoro ikapenya kwenye matundu ya misumari.

Rahab alibaki na mwiko mkononi hadi ugali ukaungua. Hakuweza kutoka, hakuweza kupiga kelele. Giza lilipokaribia, bati likarudi mahali pake, ta. Nje mahindi yakatikisika mstari mmoja, kisha mwingine mbele yake, na hakukuwa na upepo wowote.

Kesho yake mchana alijipenyeza nyuma ya jiko. Akakuta mahindi, na kati ya mistari udongo mtupu, sawa na shamba lolote. Ila palipokuwa pamebonyea bati, ardhi ilikuwa imelainika, imekandamizwa na kitu kilichokaa hapo si mara moja. Alirudi ndani akifuata ukuta kinyumenyume, na hakukanyaga huko tena.

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Siku nyingine kikohozi, siku nyingine bati tu. Aliuliza "Nani?" kwa Kiswahili, akauliza kwa Kikuyu, na siku alipopata ujasiri akauliza kwa Kibukusu, kwa sauti ile aliyokuwa akimsemesha nayo mama mkwe. Hakuna aliyejibu. Akamweleza Munene kwenye simu, Munene akacheka. "Hiyo ni panya buku. Ama mbwa ya jirani yako Kemboi. Nitakuletea dawa." Mtu wa duka la dawa husikia kila kitu kama mteja.

Siku moja Rahab alifanya jambo ambalo baadaye aliona haya kulisimulia. Alimimina chai kikombeni, akaipitisha dirishani na kuiweka juu ya jiwe lililokuwa karibu na ukuta, akafunga dirisha upesi. Asubuhi alichungulia. Kikombe kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimesuuzwa na kuinamishwa juu ya jiwe.

Alikiacha pale pale, hakukichukua tena. Alikaa sakafuni, na kwa mara ya kwanza akalitamka jina. Mama Sellah amenifuata.

Kama ungekuwa wewe, ungempigia simu nani? Wachungaji wapo, majirani wapo, lakini wote hao alikuwa amewafungia mlango mbele ya watu. Akabaki na mtu mmoja tu anayeujua ule ugoro na kile kikombe. Akampigia Hesbon.

Hesbon alisikiliza hadi mwisho. Kwa mbali Rahab alisikia pikipiki za Bungoma zikipiga honi. "Mama Joan," alisema hatimaye, sauti imeshuka, "huyo ni mama."

"Nimejua."

"Si alisema atakufuata? Ulisikia mwenyewe. Huyo mzee hajakuja kukutisha, amekuja kukuchukua. Hataki uishi huko. Rudi nyumbani bana, tumalize hii maneno."

"Na yule wa Lwakhakha?"

"Huyo alienda kwao."

"Lini?"

"Si alienda tu."

Sitaki kumsingizia Hesbon. Hakuwa anabuni. Mama yake alipokuwa hai alimwogopa, na alipokufa akamwogopa zaidi. Lakini ni kweli pia kwamba nguo zake zilikuwa zimerundikana, na kwamba tangu siku hiyo alianza kupiga simu kila jioni, na kila jioni alimwona Rahab kwa masikio namna ambavyo hakuwahi kumwona kwa macho. Aliuliza amekula nini. Aliuliza kama bati limebonyea. Rahab alijikuta anaingojea ile simu, akajichukia, akaendelea kuingojea.

Alijua vizuri kurudi kungekuwa nini. Kungekuwa kuzungukwa tena kama meza, safari hii mpaka kaburini, bila mahakama wala karatasi ya kumtoa. Lakini hofu haisomi karatasi. Alikonda. Alishona mikono ya sweta za shule nje ndani na mwenye shule akamrudishia. Kanisani aliketi nyuma na kukimbia kabla ya watu kusalimiana, na akina mama walimwacha apite, wakimwangalia kwa namna ambayo ilimtia baridi. Mahindi yalikauka yakawa ya manjano, majani yakaanza kulia kama karatasi, na bado kila jioni lile bati liliingia ndani.

Mwishoni mwa Oktoba alimwambia Hesbon, "Njoo unichukue."

"Jumatano nakuja na pikapu," alisema Hesbon.

Hiyo Jumatano ndiyo siku ambayo Munene, bila kujua habari za pikapu, aliwaleta vibarua kukata mahindi. Walianza asubuhi na mapanga, wakakata na kusimamisha mabua mafungu mafungu yakauke, kama ilivyo kawaida huko. Rahab hakuwaangalia. Alikuwa ndani anafunga cherehani kwa blanketi. Alichohisi tu ni kwamba nyumba inazidi kuwa na mwanga, hata akaona vumbi kwenye kuta ambalo hakuwahi kuliona. Alasiri vibarua walikwenda zao, na yeye akatoka na begi kungojea gari.

Akasimama. Shamba lote lilikuwa limelala wazi. Kwa mara ya kwanza tangu mahindi yampite kimo aliiona nyumba ya Rosaline upande wa barabara, nyumba ya Kemboi kule bondeni, na karibu zaidi kuliko alivyokumbuka, mlango wa Gogo Chepkosgei, ukimtazama moja kwa moja. Na kutoka milango hiyo mitatu, juu ya ardhi iliyonyolewa, zilitoka njia tatu. Zilikuwa nyembamba, zimepigwa na nyayo hadi zikang'aa, zinakata mistari ya mabua. Zilikuja, zikaja, na zote tatu ziliishia mahali pamoja. Nyuma ya jiko lake.

Rahab aliliweka begi chini. Mzuka mmoja alikuwa ameuzoea. Hakujua la kufanya na njia tatu.

Ndipo mlango wa Gogo ukafunguka. Kikongwe alitoka na gunia kwapani, akaingia katika njia yake, akaja. Hapakuwa na mmea wa kumficha hata kidogo. Alitembea peupe, bila kuangalia kulia wala kushoto, akampita Rahab karibu kiasi cha kumgusa, asimsalimie. Akafika nyuma ya jiko. Akatandaza gunia. Akaketi, akaegemea bati, na bati likabonyea. Akakohoa mara moja.

Rahab alikuwa anakiona kwa nje kile alichokuwa akikiona kwa ndani. Akakaribia polepole, kama mtu anayekaribia ng'ombe asiyemjua.

"Gogo. Ni wewe?"

Chepkosgei alitoa kikopo cha ugoro. "Ni mimi. Jana ilikuwa Rosaline. Juzi ilikuwa mama Kemboi, huyo hawezi kukaa sana, mgongo."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi ikue. Ulisema mlango tusifikie." Akavuta ugoro, akapangusa pua. "Si tulitii? Mlango wako hatujafikia."

"Niliuliza nani. Kila siku niliuliza nani. Mngenijibu."

"Mtu akikuja matanga hajibu, hasalimii. Anakuja tu anakaa. Akichoka anaenda, mwingine anakuja."

"Na mimi nilisema sijafiwa."

"Ulisema," alikubali Gogo. Aliangalia mabua. "Gladwell pia alisema. Humjui, wewe ulikuwa umeolewa. Alirudi kutoka kwa bwana, akakaa kwa ile nyumba ya Kemboi ya zamani. Tulikuwa tunapiga hodi, anasema niko sawa. Tunarudi. Tulimheshimu sana huyo mtoto. Tukamheshimu mpaka siku ile tukamkuta jikoni, na chupa ya dawa ya mahindi." Akafunga kikopo. "Ndio tukasema, huyu wa sasa hatutamheshimu."

Rahab alitaka kumpiga yule kikongwe. Nasema kweli, mkono ulimpanda. Miezi mizima walimkausha kwa hofu, wakamrudisha mikononi mwa Hesbon kwa wema wao, na wasijue. Na papo hapo alitaka kupiga magoti na kuweka kichwa chake kwenye lile gunia. Hasira na shukrani zilimjia pamoja, na kwa kuwa hakuna hata moja iliyokubali kutangulia, akauliza jambo la kipuuzi.

"Na chai?"

"Ilikuwa chai mzuri. Lakini sukari ulininyima."

Kabla Rahab hajajibu, pikapu iliingia kutoka barabarani ikirusha vumbi. Hesbon alishuka, amevaa kofia yake ya safari na shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Aliliangalia begi, akatabasamu. Kisha akaona kitu nyuma ya Rahab, na tabasamu likamtoka.

Katika njia ya barabara alikuwa anakuja Rosaline, leso mabegani. Katika njia ya bondeni anakuja mama Kemboi, ameshika mgongo. Na nyuma yao, kupitia katikati ya mafungu ya mabua, walikuja wengine wa ushirika, mmoja mmoja, kutoka nyumba ambazo mahindi yalikuwa yamezificha. Walikuwa wameiona pikapu. Sasa kila mtu angeweza kuona kila kitu. Walifika, wakampita Hesbon kama hayupo, wakaketi chini, miguu wameinyosha mbele.

Hesbon alivua kofia. Ni mtu wa Myanga, ameketi matanga tangu utotoni, na mkono ulikwenda wenyewe. "Nani amekufa hapa?" aliuliza.

Hakujibiwa. Akageuka kumtafuta mtu wa kumwuliza, na macho yake yakaangukia nyuma ya jiko. Kikongwe ameegemea ukuta. Kikopo cha ugoro. Kikombe kilichoinamishwa juu ya jiwe.

"Mama?" alisema, kwa sauti ya mtoto.

Chepkosgei akakohoa. Hesbon alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagonga gari.

Rahab alimwona alivyojibana kwenye gari, na huruma ilimjia, maana hofu hiyo aliijua ladha yake. Angeweza kumwacha nayo aende nayo Bungoma ikamtafune. Hakufanya hivyo. "Huyo ni jirani yangu, Hesbon," alisema. "Mama yako tulimzika Myanga, mimi na wewe. Hajatoka. Hajanifuata mahali. Mwache alale."

"Basi twende, mama Joan."

"Siendi."

Hesbon aliwaangalia wale akina mama. Wangemtukana angejibu, wangemfukuza angegoma. Walikaa tu, wakiangalia miguu yao. Alivaa kofia, akaivua tena, akaingia garini. Pikapu ilizunguka mafungu ya mabua, ikafika barabarani, ikashika njia ya kurudi Bungoma.

Rahab alibaki amesimama katikati yao. Sasa ushindi ulikuwa wake, na hakujisikia mshindi. Alihisi shimo. Alimwona Hesbon kijana, mikono imejaa grisi, akimchagulia kengele ya baiskeli. Akamwona akimbeba Joan mchanga kwenye mvua.

"Kaa chini," alisema Rosaline.

Akakaa.

"Kilio ni mwenye nyumba anaanza," alisema Gogo kutoka nyuma ya jiko, bila haraka. "Sisi tumekuwa tukikungoja wewe."

Rahab alishika mshono wa sketi yake, akaunyosha, akaunyosha tena. Kisha akafungua mdomo, na sauti ikatoka ambayo hakujua anayo, ndefu, ikapita juu ya shamba tupu. Rosaline akaipokea, mama Kemboi akaipokea, na wote wakamlilia bwana ambaye vumbi la gari lake lilikuwa bado halijatua.